Jibu Liko Uani

Kama kuna mtu aliyezaliwa na burashi mkononi na mzaha mdomoni, basi ni yule mwandika vibao ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Herufi. Kinyozi, mshona viatu, duka la dawa, shule ya chekechea, wote majina yao yaliandikwa kwa mkono wake, na herufi zake zilikuwa zimenyooka, huoni iliyolala wala iliyoinama. Lakini mzaha ndio uliomtangulia popote. Fundi hakuweza kukusalimu bila kukutania. Ukinenepa utaambiwa, ukikonda utaambiwa, ukibaki vilevile utaulizwa kulikoni.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akampa mkwe mpole.

Mkwe huyo alifanya kazi katika bustani ya mimea ya mji, na kazi yake hasa ilikuwa uainishaji: kujua mmea upi ni ndugu wa upi, na kumrudisha kila mmoja kwao. Alikuwa anakaa kwa wakwe zake, na msije mkamfikiria vibaya, hakuwa amekosa pa kulala. Alikuwa na nyumba yake ya kupanga, nzuri tu. Ni Fundi mwenyewe aliyelia siku ya harusi, akamng'ang'ania binti yake wa pekee mkono, akisema, "Nyumba yote hii mnatuachia mimi na mama yako na panya? Kaeni hapa." Wakakaa.

Siku mkwe anahamia, aliingia na begi moja na kipande cha mti kilichofungiwa vimea vya kijivu, vimechambukachambuka, havina udongo wala chungu.

"Hivi vinakula nini?" Fundi akauliza.

"Hewa, baba. Na maji ya mvua, na vumbi linalopeperuka. Majani yake ndiyo yanayokunywa."

"Na vinakaa wapi huko kwao?"

"Juu ya miti mingine."

"Na kodi?"

Mkwe akatabasamu. "Kodi havilipi, baba."

"Aa!" Fundi akapiga paja. "Mama, njoo uone! Mkwe kaja na ndugu zake. Vimelea!"

Basi jina likashika kama rangi ya mafuta kwenye shati jeupe. Kimelea karudi kazini. Mpisheni Kimelea apite. Kimelea, leo umenyonya nini? Muuza magazeti akalidaka, watoto wa jirani wakalidaka, hata kinyozi akawa anauliza, "Kimelea hajambo?" Na mkwe akawa anajibu jibu moja tu: "Ndiyo, baba." Angejibu nini tena? Hapo ndipo Fundi anaponiudhi mimi ninayesimulia. Mtu mzima, mvi kichwani, anamrushia mwenzake mpira kila siku, na haoni kwamba mwenzake mikono imefungwa.

Mkewe Fundi aliona. Binti yao alikuwa mjamzito, tumbo limeshaanza kumtangulia mlangoni, na mama mtu alikuwa anasikia yanayosemwa jikoni ambayo hayafiki sebuleni.

"Mzee, punguza," akamwambia mumewe siku moja akimwekea chai. "Mwenzio hacheki."

"Anacheka. Nimeyaona meno."

"Meno si kicheko. Binti yako kaniambia waziwazi: neno hilo likiendelea, watahama kabla mtoto hajazaliwa. Hawataki mtoto wao alikute ndani ya nyumba kama jina la baba yake."

"Wahame waende wapi! Mzaha tu huo."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha."

"Ukitumbuka utaniletea pamba," akasema Fundi, akacheka peke yake mpaka chai ikampalia. Mkewe hakumgonga hata mgongo.

Mambo yalikuwa hivyo bustani ilipojenga nyumba mpya ya vioo kwa ajili ya ukoo mmoja tu wa mimea, ukoo wa nanasi, na Fundi akapewa kazi ya kuandika vibao vyake vyote. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi. Wiki nzima mkwe alikuwa akitoka kazini anaingia moja kwa moja katika chumba cha mbele, ambako Fundi alifanyia kazi katikati ya makopo, akimsomea maneno ya kuandika. Na niseme ukweli, jioni hizo zilikuwa tamu. Fundi alipenda kujua kila anachokiandika, na mkwe, ambaye mezani alikuwa bubu, ukimgusa kwenye mimea alifunguka kama bomba.

"Ngoja kwanza," Fundi akasema, burashi hewani. "Unaniambia hiki kijivu kinachokula hewa, na nanasi, ni ukoo mmoja?"

"Ukoo mmoja, baba."

"Nanasi ninalolijua mimi? La sokoni?"

"Hilohilo."

"Hata hawafanani!"

"Wewe na shangazi mnafanana?"

Fundi alimfikiria dada yake, mrefu, mwembamba, asiyecheka hata akitekenywa, akakubali kwamba hoja ilikuwa na uzito.

"Ukoo wa mmea hautazamwi jani, baba," mkwe akaendelea. "Jani ni nguo, hubadilika kwa hali ya hewa. Anayekaa kwenye jua kali huvaa kijivu, anayekaa kivulini huvaa kijani. Ukitaka kujua nani ni wa nani, tazama ua, halafu tazama mbegu. Ukoo huu una milango mitatu. Siku hizi wataalamu wameigawa zaidi, lakini kwa mgeni anayepita, mitatu inatosha. Kuna wale ambao mbegu zao zina mabawa. Kuna wale ambao mbegu zao zina nyuzi laini, zinapeperuka na upepo. Hawa wala hewa wengi wao wako hapo. Na kuna wale ambao mbegu zao zimo ndani ya tunda lenye maji, ndiko aliko nanasi."

"Mlango wa Bawa, Mlango wa Pamba, Mlango wa Tunda," akasema Fundi palepale, na mkwe akamtazama kwa furaha ya kweli, kwa sababu bustanini walikuwa wamekaa vikao na vikao hawajapata majina mafupi namna ile.

Kilichobaki kilikuwa kibao kikubwa kuliko vyote, cha kutundikwa juu ya ukuta wa magogo ambako mimea hiyo ingeshikizwa, ili watu wajue kwa nini hii yote inaishi juu ya miti badala ya ardhini.

"Hapa hatuna shida," Fundi akasema akichovya burashi. "VIMELEA. Herufi saba, zinaenea vizuri."

"Hapana, baba."

Fundi akageuka. Neno hapana hakuwa amelisikia kwa kijana yule tangu amuoe binti yake.

"Si vimelea," mkwe akasema, na sauti ilikuwa ileile ya upole ila imekauka. "Kimelea huingiza mizizi ndani ya mwenzake akamnyonya. Hivi havinyonyi. Vimeshika tu pa kukaa. Vinajitafutia vyenyewe."

"Lakini vinakaa juu ya mwenzao."

"Vinakaa."

"Bure."

"Baba, kukaa si kunyonya."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu!" Fundi akacheka, akangoja na mwenzake acheke. Mwenzake akakunja karatasi zake taratibu.

"Kibao hicho kiache wazi kwanza," akasema. "Nitatafuta neno. Usiku mwema, baba."

Bustanini walikuwa na neno lao la kitaalamu, refu, la kigeni. Fundi alishalikataa. "Kibao asichoweza kukisoma mtu anayepita na mzigo kichwani si kibao," alisema, "ni ubao uliopakwa rangi." Basi kibao kikubwa kikabaki cheupe, kimeegemea ukuta.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Juu ya meza ya Fundi, mkwe alikuwa ameacha mmea mmoja kwenye chungu, zawadi ya mtu aliyehama mji. Majani yake yalikuwa ya kijivu, yamekaa kama kikombe, na katikati ulikuwa umechomoza ua. Fundi alikuwa anataka kujua aandike mlango gani, wa Pamba au wa Tunda. "Wewe unajuaje?" alimwuliza mkwe kila mara. "Mimi nami nataka kujua kama wewe." Mkwe akaahidi kumpa nafasi ya kuamua mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata, Alhamisi, mkwe alitoka mapema. Binti, aliyekuwa mwalimu wa chekechea na kila siku alikuwa anachelewa, alipita chumba cha mbele mbiombio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Shikamoo baba! Mwenzangu amesema, jibu liko uani. Ufunue polepole, utazame chini kabisa. Kwa heri baba!"

"Marahaba. Jibu la nini?" Lakini binti alishafika barabarani.

Sasa ninyi mnajua, na mimi najua, kwamba ua ni ua, la kunusa, na lilikuwa pale mbele yake juu ya meza, limefunguka. Lakini mzee huyu nyumba yake ilikuwa na ua mwingine, ule wa nyuma ya jiko, wa kamba za nguo na mapipa ya maji. Mtu akikwambia uani, nawe una uani kwako, utakwenda wapi? Fundi alifuta mikono, akavuka sebule, akavuka jiko, akatokea uani, mahali ambapo alikuwa hafiki mara kwa mara, maana pale palikuwa nchi ya mkewe na yeye hakuwa na pasi.

Pembeni, chini ya turubai, kulikuwa na kitu kimefunikwa. Jibu, akajiambia. Akafunua polepole, kama alivyoagizwa.

Akakuta maboksi sita yaliyofungwa kamba. Na katikati yake kitanda kidogo cha mtoto, kipya, kimepigwa msasa kikawa laini, kimeviringishiwa shuka kuukuu ili kisichubuke njiani.

Alikuwa bado ameinama pale mlango wa nyuma ulipogongwa, akaingia mwenye mkokoteni, kijasho usoni.

"Shikamoo mzee. Mzigo ndio huu? Niliambiwa nije niutazame kwanza. Jumapili asubuhi tunapeleka ng'ambo ya reli."

"Ng'ambo ya reli," Fundi akarudia.

"Vijana wa humu wanahama. Au siyo hapa?"

"Ni hapa," akasema mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko na beseni la nguo. Alimngojea mwenye mkokoteni aondoke. Halafu akasema, "Nilikuambia, mzee. Nikakuambia kwa Kiswahili."

Fundi hakuwa na mzaha hata mmoja mdomoni. Alirudi kushika ubavu wa kile kitanda, akapitisha kidole kwenye mbao, akasikia ilivyo laini. Kwa hiyo hili ndilo jibu. Kijana yule mpole, "ndiyo baba, ndiyo baba", mwaka mzima anatukanwa, halafu anamtumia ujumbe: jibu liko uani, funua polepole, tazama chini kabisa. Kimya kingi kina mshindo mkuu! Moyo ulimuuma Fundi kweli. Zaidi ya kuuma, aliogopa. Aliiona nyumba ilivyokuwa kabla, yeye na mkewe na redio.

Akatoka hivyohivyo, suruali ina rangi ya kijani, sikioni penseli, akaenda bustanini kwa miguu.

Mkwe alikuwa ndani ya nyumba ya vioo, anashikiza mimea kwenye magogo kwa uzi. Fundi akasimama mbele yake, pumzi juu juu.

"Nimetoka uani," akasema.

Uso wa mkwe ukachanua. "Umetazama, baba? Afadhali! Nilidhani hutapata nafasi. Umeonaje?"

Fundi akatoa macho. Mtu anakubomolea nyumba, halafu anauliza umeonaje! "Nimeona," akasema.

"Ulifunua polepole?"

"Nilifunua."

"Unaona mambo hayo! Mtu anapita karibu kila siku, hajui kilichofichwa mle ndani. Ulihesabu?"

"Sita."

"Sita!" Mkwe akapiga makofi. "Hawakosei hata siku moja. Sita, na kimoja katikati."

"Nilikiona. Kizuri sana," Fundi akasema.

"Sasa lile swali lenyewe, baba. Kifuko ulikiona? Kiko juu au kiko chini?"

"Vifuko, mabegi, maboksi, vyote viko chini! Ulitaka vikae wapi?"

"Chini!" Mkwe akaruka. "Basi ni wa Mlango wa Tunda! Mimi nilikuwa nahisi ni wa Pamba, lakini kama kifuko cha mbegu kiko chini ya ua..."

"Mwanangu," Fundi akamkatiza, "ndiyo nimekufukuza mimi?"

"Umenifukuza?"

"Turubai nimelifunua! Kamba nimeziona! Mwenye mkokoteni nimemwona kwa macho yangu!"

"Baba, ua halina turubai."

"Ua gani?"

"La mezani kwako! Lile ua! Nilisema jibu liko uani, ndani ya ua. Vile vijiti sita vyenye unga, na kile kimoja cha katikati, na kifuko cha mbegu..." Rangi ikamtoka mkwe usoni polepole. "Baba, wewe umetoka uani gani?"

"Nyuma ya jiko."

Mtu mwingine angecheka, na mimi nilipopewa habari hii nilicheka, lakini wale wawili wakati ule hawakuweza.

"Tulitaka kukuaga kwa heshima," mkwe akasema, akitazama viatu vyake. "Jumamosi, baada ya uzinduzi. Si kwa njia hii."

Fundi akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Ni lile neno?"

Mkwe akaokota uzi wake, akaanza kuukunja.

"Sema, mwanangu. Leo sema."

"Baba, wewe una utani na mtaa mzima. Kinyozi ukimwambia upara wake unang'aa kama sahani, naye atakuambia pua yako ndiyo imefika kazini kabla yako. Mnacheka, mnakwenda. Mimi nikujibu nini? Wewe ni baba mkwe wangu. Mtu aliyefungwa mdomo hataniwi, baba. Huyo anapigwa."

Fundi alilipokea neno hilo kichwa kimeinama. Alilifuta jicho moja kwa mgongo wa mkono akajipaka kijani kwenye shavu.

"Nilidhani nakukaribisha," akasema. "Mimi nisiyempenda namwambia habari za asubuhi, basi. Wewe nilipokuona tu, nilikupenda. Unamfanya binti yangu aimbe bafuni. Unanieleza mambo ya mbegu kama kwamba mimi ni mtu wa maana. Sikujua namna nyingine ya kusema, nikasema vile. Nisamehe, mwanangu. Neno lile limekwisha, hutalisikia tena, na mtaani nitapita mwenyewe nyumba kwa nyumba kulifuta."

"Nimekusamehe, baba."

"Haitoshi. Kuanzia leo nijibu."

"Eh?"

"Nijibu! Nikikutania, nitanie. Nimekufungua mdomo."

"Siwezi, baba."

"Nakuamuru!"

"Adabu haifunguliwi kwa amri, baba." Mkwe karibu atabasamu, lakini hakutabasamu. "Nitazungumza na mwenzangu. Maboksi yameshafungwa."

"Basi nitangoja," Fundi akasema akiinuka. "Siku utakayonijibu, nitajua mnabaki. Usiponijibu, Jumapili mkokoteni nitausukuma mimi mwenyewe, na kile kitanda nitakibeba kwa mikono kisichubuke." Akafika mlangoni, akageuka. "Na lile ua la pili ninakwenda kulitazama sasa hivi."

Akalitazama kweli. Kwa ncha ya burashi yake ndogo kuliko zote, alifunua petali tatu laini za ua, moja baada ya nyingine, akahesabu vijiti sita vyenye unga wa njano na kimoja katikati, akashuka mpaka chini kabisa. Kifuko kilikuwa pale, kijani, kidogo kuliko punje ya mtama, kimekaa juu ya mahali ua linapoanzia. Juu, si chini!

"Mama!" akapiga kelele. "Pamba! Ni wa Mlango wa Pamba!" Mkewe alikuja na mikono ya sabuni, akatazama, naye akafurahi bila kujua hasa anafurahia nini.

Ijumaa nzima Fundi alikuwa anaviziwa na moyo wake mwenyewe. Neno lile halikumtoka hata mara moja, na kinyozi alipouliza Kimelea hajambo, aliambiwa huyo hayupo, yupo mkwe wangu, na ukimuulizia tena kwa jina hilo kibao chako nitakiandika KINYESI. Lakini jibu? Hapana. Mezani alijitolea mwenyewe, masikini, kama kuku aliyejilaza kichinjioni.

"Shati langu hili, mkwe, huoni linanibana tumbo?"

"Linakukaa vizuri, baba."

"Na uzee huu? Pua imezidi kukua?"

"Ya kawaida tu, baba."

"Jana ulikosea mlango wa mmea, mtaalamu mzima!"

"Ni kweli, baba. Asante kwa kunisahihisha."

Binti alikuwa ameinamia sahani yake, mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka. Mkewe Fundi alisema chakula kinapoa.

Jumamosi watu walijaa nyumba ya vioo mpaka vioo vikapata ukungu. Walipita chini ya Mlango wa Bawa, wakapita Mlango wa Pamba, watoto wakapelekwa kumwona nanasi akiwa nyumbani kwake na ndugu zake. Kisha wakafika kwenye ukuta wa magogo. Juu yake kibao kikubwa kilikuwa kimefunikwa kitambaa, maana Fundi alikuwa amekiandika bila kumwuliza mtu, akakipandisha mwenyewe asubuhi. Mkwe alivuta kitambaa, naye akasoma kwa mara ya kwanza pamoja na wengine:

MIMEA YA GHOROFANI
Inakaa juu ya miti. Inajitafutia yenyewe. Hainyonyi mtu.

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kila mtu alielewa, kuanzia mkurugenzi wa bustani mpaka mama mmoja aliyesimama na mzigo wake kichwani. Mkwe alikitazama kibao kile muda mrefu kuliko kilivyohitaji kusomwa.

"Nani kaandika?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Aliyeandika," mkwe akasema, akakohoa, "ni baba mkwe wangu. Yule pale, mwenye penseli sikioni."

Watu wakageuka kumtazama Fundi, naye akaitoa penseli haraka, akaificha mfukoni.

"Na kwa kuwa leo tunazungumza uainishaji," mkwe akaendelea, uso wake umetulia kabisa, sauti ileile ya kueleza mbegu, "niwaambie kwamba mababa wakwe nao wana milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wale wanaosema kidogo. Hawa ni wengi, wanapatikana kila mahali. Mlango wa pili ni wale wanaosema sana, lakini ukiwapa chakula wananyamaza."

Binti akashika tumbo. Mama yake akamshika binti.

"Mlango wa tatu una mmoja tu, dunia nzima. Huyu hata mdomo ukijaa anasema. Ukimwambia atazame ua, anakwenda kufunua maturubai ya watu." Kicheko kikaanza pembeni, kikasambaa. "Hajulikani ni wa hali ya hewa gani, na wataalamu hawajapata dawa yake. Kwa hiyo mimi na mke wangu tumekaa, tumefikiri, tumeona njia ni moja. Tutaendelea kuishi naye nyumba moja, mpaka tumchunguze vizuri. Inaweza kuchukua miaka mingi."

Nyumba ya vioo ililipuka kwa vicheko. Katikati yake Fundi alisimama mdomo wazi, machozi yanamtiririka mashavuni. Akamkamata mkewe mkono kwa nguvu, akamtikisa.

"Umesikia?" akasema. "Umesikia alivyonitukana mbele ya watu wote hawa? Mama, wanabaki!"